Semina za presha na sukari mtaani: mtu akishafundishwa, anaenda kufanya nini?

Siku hizi mradi wowote wa afya ukigusa magonjwa yasiyoambukiza, yani presha, kisukari, kiharusi, figo, kansa na ndugu zake, kitu cha kwanza utakachokikuta kwenye bajeti ni mafunzo. Wanafundishwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanafundishwa viongozi wa vikoba, masheikh na wachungaji, asasi ndogo za mtaani zinafundishwa namna ya kuhamasisha. Kuna wanaosema hapo ndo penyewe, ugonjwa unazuiwa nyumbani kabla haujafika hospitali, na kuna wanaosema ni hela ya posho na chai tu, wafadhili wakiondoka kila kitu kinalala. Nimefuatilia hii mada muda mrefu na naona wote wana hoja za kweli, ila wanabishania mafunzo kama vile ni kitu kimoja, wakati kuna mafunzo yanayookoa watu na kuna mengine yanamuongezea mtu hofu tu.

Kwanza tuelewane ukubwa wa tatizo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 mpaka 64 ulikuta kama 26 katika kila 100 wana presha ya kupanda na 9 katika kila 100 wana kisukari. Kenya walipofanya wa kwao mwaka 2015 ikaonekana zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Hiyo ya pili ndo inaniuma zaidi, maana presha haina maumivu, mtu anaendesha bodaboda, analima, anabeba magunia sokoni akiwa na 180 kwa 110 na anajiona mzima kabisa, mpaka siku anaanguka mdomo umepinda upande mmoja na ndugu wanaanza kuulizana nani kamroga. Ugonjwa wa hivi kumsubiri mtu aje mwenyewe zahanati ni kumsubiri aje amebebwa.

Kwa hiyo wanaotetea mafunzo ya jamii wana msingi mzuri sana. Na sio kitu kigeni kwetu wala hakijaletwa na wazungu juzi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu vinakaa kusikiliza redio kwa wiki kumi na mbili, kila kikundi kina kiongozi aliyefundishwa, viongozi kama 75,000 nchi nzima na washiriki karibu milioni mbili, na wakitoka kwenye kikao wanaenda kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Nasisitiza hapo kwenye kuchimba choo, kwa sababu walichofundishwa kilikuwa ni kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukifanya kesho yake kwa jembe lake mwenyewe.

Kuna ushahidi wa karibuni pia. Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka walifanya jaribio kubwa vijijini, matokeo yalitoka mwaka 2020, wahudumu wa jamii wa serikali walifundishwa kupita nyumba kwa nyumba, kupima presha kwa mashine, kuongea na familia kuhusu chumvi na dawa na kumpeleka kituoni yule ambaye presha yake haishuki. Baada ya miaka miwili namba ya juu ya presha kwa wagonjwa wa presha wa vijiji hivyo ilikuwa imeshuka kama pointi 5 zaidi ya wale wa vijiji vingine. Tano inaonekana ndogo ukiiangalia kwa mtu mmoja, ila kwenye kijiji kizima maana yake ni viharusi vichache na misiba michache.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tuangalie Los Angeles kidogo, kwenye saluni za kiume za Wamarekani weusi. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kwenye saluni 52, wanaume 319 wenye presha ya juu. Kundi moja vinyozi walifundishwa kuwahamasisha wateja wabadilishe maisha na waende kwa daktari. Kundi la pili vinyozi walifanya kazi yao hiyo hiyo ya kuhamasisha ila mfamasia naye alikuja pale pale saluni, anapima na anaandika dawa kwa makubaliano na madaktari wa hao wateja. Baada ya miezi sita, kundi la kwanza presha ilishuka kama pointi 9. Kundi la pili ilishuka 27, na zaidi ya asilimia 60 ya wanaume wakawa chini ya 130 kwa 80, wakati kule kwenye uhamasishaji peke yake hawakufika hata 12 katika kila 100. Kinyozi ni mtu anayeaminika, amefundishwa, yuko karibu, ana muda wa kuongea na mteja, kila kitu tunachosema mhamasishaji awe nacho alikuwa nacho, na bado pengo likawa kubwa namna hiyo kwa sababu upande mmoja dawa ilikuwepo na upande mwingine mtu aliambiwa aende akaitafute.

Colombia na Malaysia ni hivyo hivyo, jaribio la mwaka 2019 lililofanikiwa sana liliunganisha wahudumu wasio madaktari, ndugu au rafiki mmoja wa kumsimamia mgonjwa, na dawa za bure. Zote tatu kwa pamoja. Ukitoa dawa ukabakiza mafunzo huwezi kudai utapata matokeo yale yale.

Hebu irudishe hiyo kijijini kwetu. Mama amefundishwa siku tano, kapewa mashine, kapima jirani yake kakuta 170 kwa 100, kamuandikia rufaa. Jirani kaenda zahanati kaambiwa vidonge vya presha vya amlodipine vimeisha, nenda kituo cha afya au kanunue duka la dawa. Nauli kwenda na kurudi, siku nzima haijalimwa, dawa ya mwezi mmoja, na mwezi ujao tena, na ujao, mpaka kufa. Wengi watanunua vidonge vya wiki mbili, watajisikia vizuri, wataacha. Na yule mama aliyewapima wataanza kumkwepa, kwa sababu kila akija analeta habari mbaya ambayo hana dawa yake. Hapo uaminifu, ambao ndo mtaji wake wote, umeliwa na mfumo ambao haukujiandaa kumpokea mgonjwa aliyemtuma.

Alafu kuna suala la nani anabeba huo mzigo. Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, lengo ni wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, na mafunzo yao ni ya miezi sita. Huo ni mpango mzuri na naupenda kwa sababu angalau miezi sita ni mafunzo kweli. Lakini mhudumu huyo huyo anatakiwa kufuatilia wajawazito, lishe ya watoto, malaria, kifua kikuu, ukimwi, vyoo, na sasa presha na sukari juu yake. Kenya mwaka 2023 waligawa vifaa kwa wahamasishaji zaidi ya 100,000, ndani ya begi kuna mpaka mashine ya presha na ya sukari, posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa hiyo nusu ya kaunti yamekuwa yakisikika. Mashine ya sukari bila vijiti vyake haipimi chochote, na vijiti vinaisha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wahudumu wengi wa jamii waliokuwa wanalipwa na miradi ya ukimwi kwenye nchi zetu waliambiwa wasije kazini, watu wenye uzoefu wa miaka, kwa barua moja. Anayesema mafunzo ya mradi hayadumu anaongelea kitu alichokiona kwa macho.

Na lawama. Hili halisemwi vya kutosha. Semina nyingi za lishe zinamfundisha mhamasishaji kumwambia mtu punguza chumvi, punguza mafuta, kula matunda, fanya mazoezi, na mpaka hapo ni sawa kabisa. Ila mtu anayekula ugali mkubwa na mboga kidogo hajakosa elimu, amekosa hela ya mboga. Kijana wa stendi anakunywa soda na kula chipsi kwa sababu ndo kilichopo pale anapofanya kazi na kinashibisha. Ukimfundisha mhamasishaji awe anasema tu mna tabia mbaya za ulaji, umemgeuza kuwa mtu wa kuwasimanga majirani zake masikini.

Kwa hiyo mimi niko upande gani? Niko upande wa mafunzo, ila nayagawa mara mbili, na nadhani NGO zinakosea zinapoyachanganya.

La kwanza ni kupima na kufuatilia. Hili liwe la vitendo mno: mtu akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee, pima mara mbili, na mkono mnene unataka kitambaa kikubwa cha mashine la sivyo namba inadanganya kwenda juu. Ajue kuwa kuanzia 140 kwa 90 ni presha ya kupanda na ajue namba gani ni ya kukimbizwa hospitali leo leo. Na la muhimu kuliko yote, arudi kwa yule anayetumia dawa amuulize kwanini ameacha bila kumgombeza. Hapa simuungi mkono anayesema hawa sio wataalamu wasiguse mashine, mbona miaka yote tunawaamini na kipimo cha malaria na cha ukimwi. Ila pasipo na dawa ya uhakika kituo cha karibu, kazi hii isianzishwe kwa mbwembwe za kupima watu mia tano uwanjani halafu kila mtu akaondoka na kikaratasi chake.

La pili ni kudai, na hapa ndo asasi zinatakiwa ziwekeze nguvu kubwa kuliko zinavyofanya sasa. Afrika Kusini kundi la wanaharakati wa dawa za ukimwi, TAC (Treatment Action Campaign), lililoanza mwaka 1998 liliwafundisha watu wa kawaida wenye virusi vya ukimwi sayansi ya dawa zenyewe, zinafanyaje kazi, zinagharimu kiasi gani, nani anazizuia, na watu hao wakaenda mpaka Mahakama ya Katiba mwaka 2002 wakashinda kuhusu nevirapine, dawa ya kuwakinga watoto wasiambukizwe na mama zao. Huko huko, asasi zilizoungana chini ya HEALA zilipambania kodi ya vinywaji vyenye sukari mpaka ikaanza Aprili 2018, ingawa makampuni yalisukuma hadi kiwango kikashuka kutoka kama asilimia 20 iliyopendekezwa kwenda kama 11. Na ndo maana asasi inayopokea hela ya kampuni ya soda halafu inafundisha kuhusu kisukari mi siiamini, itafundisha mazoezi tu, sukari haitaitaja.

Kwetu huhitaji hata kufika mahakamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za afya Tanzania zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo cha afya, na kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wawakilishi wa wananchi ndani yake. Wangapi kijijini wanajua hilo? Mhamasishaji aliyefundishwa kusoma mpango wa mwaka wa zahanati, akaona mstari wa dawa, akauliza mbele ya kamati tumepanga nini kwa watu 60 wa presha tuliowakuta kijiji hiki, huyo amefanya kazi ya kuzuia kiharusi kuliko vipeperushi elfu. Orodha ya waliopimwa ndo silaha yake, kwa hiyo hata zile takwimu ambazo miradi inazikusanya na kuzipeleka Dar au kwa mfadhili, nakala yake ibaki kijijini, isomwe kwenye mkutano wa kijiji pale mapato na matumizi yanaposomwa, na mganga wa zahanati aulizwe hapo hapo dawa zimeagizwa lini na zilizofika ni ngapi.