Vyerehani Dakika Ishirini, Kibanda Miaka Miwili

Vyerehani sita, ovaloki mbili, mashine ya kutarizi, pasi na rafu za mbao. Mimi na mbia wangu tulivigawana Jumamosi moja mwaka 2021, chai ikiwa mezani, na sidhani kama tulifika dakika ishirini. Hakuna aliyepandisha sauti. Jioni nikamwambia mke wangu kwamba watu wanaoburutana kortini baada ya kuvunja ubia ni watu wasiopendana tangu mwanzo.

Niliropoka mapema. Tulikuwa tumegawana vile vya kubebeka tu.

Kibanda chetu cha sare za shule kilikuwa orofa ya pili, karibu na River Road, na mwaka 2015 tulikilipia gudiwili ya shilingi laki tatu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kutafuta nafasi katikati ya Nairobi: gudiwili hapa si lile jina zuri la biashara ambalo wahasibu huliandika vitabuni. Ni pesa unazompa mpangaji anayetoka, au mwenye jengo, ili ukubaliwe kuingia uanze kulipa kodi. Mara nyingi haina risiti. Yetu haikuwa nayo. Tulichanga wote wawili, lakini mkataba wa kupanga uliandikwa jina langu kwa sababu asubuhi hiyo mwenzangu alikuwa Eastleigh akinunua vitambaa. Hakuna sababu nyingine iliyonifanya niwe "mwenye kibanda".

Till ya M-Pesa, yaani namba ambayo wateja hulipia kwa simu, nayo ilikuwa kwa jina lake. Siku ya kuisajili mimi nilikuwa nimesahau kitambulisho nyumbani. Kwa hiyo tulipoachana, mimi nilibaki na mlango na yeye akabaki na pesa zilizokuwa zikiingia, maana wazazi na walimu waliendelea kulipia namba waliyoizoea. Kila mmoja alimwita mwenzake mwizi, na kila mmoja alikuwa na ushahidi.

Mtaani tunaamini kwamba mwenye jina ndiye mwenye mali. Sheria ya ubia haisemi hivyo. Kilichonunuliwa kwa pesa za biashara huhesabiwa kuwa cha biashara, hata kama kimeandikwa jina la mmoja, isipokuwa ionekane mlikusudia vingine. Ila asiye na jina ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Ni kama gari: Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. "Ithibitishwe" ndilo neno linalokula watu. Nilipoenda kwa wakili nikiwa na hasira zangu, aliniuliza swali moja tu: karatasi iko wapi? Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nami shuleni niliiandikia insha nikapata alama nzuri.

Kuna jingine lililoniuma. Mimi ndiye niliyetoa mtaji mkubwa zaidi, nikadhani kila kitu kitagawanywa kwa kipimo hicho. Wakili akanieleza: madeni ya watu wa nje kwanza, kisha mikopo ambayo wabia waliikopesha biashara, kisha kila mmoja arudishiwe mtaji wake. Kinachosalia ni faida, na kama hamkukubaliana vingine, hiyo ni nusu kwa nusu. Siku hiyo niliona ni uonevu. Siku hizi naona ni sawa. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua saa kumi na mbili asubuhi Januari yote, shule zikikaribia kufunguliwa.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi si watu wasiojua kuandikiana. Chama cha mke wangu kinachanga shilingi mia tano kwa wiki, na kina katiba, kumbukumbu za mikutano na faini ya kuchelewa. Sisi wanaume wawili tuliweka akiba zetu zote kwa kupeana mkono. Tuliona aibu. Kumuuliza mtu "tukiachana kibanda ni cha nani?" siku ya kwanza ni kama kumwambia umeshaanza kumshuku. Mimi nasema swali hilo liulizwe siku hiyo hiyo, kabla hata ya kununua uzi, na anayekasirika usifanye naye biashara.

Aliyetuamua mwaka 2023 ni mzee fundi aliyetufundisha sote kushona. Hakutaka kusikia nani alimkosea nani. Aliniambia nitaje bei ya nusu ya kibanda pamoja na ile till, kisha mwenzangu achague: aninunue kwa bei hiyo, au mimi nimnunue yeye kwa bei hiyo hiyo. Nikapiga hesabu kichwani. Nilijua mwenzangu ana karo ya watoto wawili wa sekondari, nikataja laki mbili na nusu, nikiwa na hakika hana.

Alikuwa nazo. Wiki iliyofuata nilipakia vyerehani vyangu vitatu kwenye mkokoteni, nikahamia Kariokor.