Kidogo ni vidole vingapi?

Jumamosi kabla ya sendofu ya mdogo wangu niliketi kwenye kiti cha saluni moja hapa Dodoma mjini, nikasema maneno ninayoyasema tangu nianze kujilipia nywele mwenyewe: "Dada, nipunguzie ncha kidogo." Nywele zangu za asili nilikuwa nimezilea miaka miwili na nusu. Akaziosha, akazipiga draya zikanyooka mpaka mabegani, akashika mkasi. Alipomaliza zilikuwa zinagusa taya. Akanishikia kioo nyuma ya kisogo, akauliza, "Umependa?" Nikajibu, "Nimependa, asante." Nikalipa, nikapanda bodaboda, nikalia mpaka Nkuhungu.

Jioni nikaziosha, maana kwenye sendofu nilitaka afro. Zilipokauka zikajikunja, zikapanda juu ya masikio.

Msiniambie zitaota. Najua zitaota. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, na mimi nimepoteza kama 10. Huo ni karibu mwaka mzima wa kupaka mafuta na kufunga kitambaa cha satini kila usiku, katika mji huu ambao upepo wa Julai na Agosti unapasua midomo, sembuse ncha za nywele. Waliohamia hapa kutoka Dar wanalijua hili. Mwaka wa kwanza kila mmoja wao analalamika kwamba nywele zimekuwa kama nyasi za kiangazi.

Lakini yule dada hakunidanganya. Nilimwambia kidogo, akakata kidogo chake. Ninayegombana naye ni hilo neno. Kidogo changu kilikuwa nusu ya ukucha. Chake kilikuwa upana wa kiganja. Kati yetu hapakuwa na kitu chochote cha kupimia, na mkasi haungoji watu waelewane.

Nenda ukakae kwa kinyozi wa kiume uone tofauti. Kila baada ya wiki mbili nampeleka mwanangu kwa kaka mmoja pale Chang'ombe. Kabla mashine haijawashwa anaulizwa: "Namba ngapi?" Namba ni ya kile kichanuo cha plastiki kinachovishwa kwenye mashine. Kwa mashine nyingi namba 1 huacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 huacha 6, namba 4 karibu 13. Mtoto wa miaka tisa anasema, "Pembeni moja, juu tatu, mbele usichonge," na kaka anamwelewa. Hilo la mbele alijifunza kwa uchungu. Siku moja walimchonga mstari wa paji ukarudi nyuma, akaenda shule wiki nzima ameinamisha kichwa. Sasa anasema mwenyewe, bila kunitazama mimi. Mtoto wa miaka tisa ana lugha ya kichwa chake, mama yake hana.

Nimejiuliza kwa nini sina, na jibu nimelipata mbali na saluni. Wengi wetu wasichana tuliosoma shule za serikali tulinyolewa kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Nywele zikianza kushikika vidoleni, Ijumaa unaambiwa Jumatatu uje umenyoa. Miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza nataka nini kichwani. Likizo nikienda Mpwapwa, bibi alikuwa ananikalisha chini katikati ya magoti yake kibarazani, ananisuka twende kilioni, nikisema "Bibi, unaniumiza" ananirudisha shingo mahali pake na kusema "Tulia, mwanangu, usiniharibie mstari." Bibi alinipenda, na misuko yake ilikuwa mizuri. Ila nilichojifunza pale ni kwamba anayeshikwa kichwa hanyanyui sauti. Nimekuwa mtu mzima, nina kazi, nina watoto, na bado nikikaa kwenye kiti kile narudi kibarazani Mpwapwa.

Na ukimya huo haumalizi urembo peke yake. Rasta zinazokazwa mpaka nyusi zinapanda na vipele vidogo vyeupe vinatoka pembezoni mwa paji si dalili ya msusi hodari. Ni mizizi inavutwa. Nywele za paji huanza kukatika, na zikivutwa hivyo mwaka hata mwaka, mzizi unakufa na nywele hazirudi tena. Ninao mashangazi ambao kilemba chao si cha mapambo. Sema "legeza hapa" pale pale unapoumia. Ukisubiri msuko uishe, utaanza tena kuhesabu gharama na muda, na utanyamaza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wasusi nao tunawatesa. Tunakuja Jumamosi saa kumi jioni watu wanane wakiwa kwenye foleni, tunasema "nifanyie chochote kitakachonipendeza," kisha tunanuna. Tunaficha kwamba tuliweka dawa mwezi uliopita, au rangi, halafu nywele zikikatika tunamlaumu yeye. Wengi wao wanalipwa kwa kichwa, na anayelipwa kwa kichwa hana muda wa kubashiri. Ndiyo maana mwenye kuongea kwanza inabidi awe mimi, mwenye kichwa.

Picha za simu zinasaidia, ila si zile tunazozoea kupeleka. Ile ya msanii mwenye nywele laini, iliyopigwa kwenye taa za studio, inamwonyesha msusi kichwa ambacho hakipo mbele yake. Peleka picha yako mwenyewe ya siku uliyojipenda, ya mbele na ya pembeni. Nywele ni zilezile na sura ni ileile, anaona kabisa mwisho wake ulikuwa wapi. Kuhusu umbo la uso, la muhimu ni dogo tu: uso wa duara hupendeza urefu ukibaki juu na pembeni pakapunguzwa, na uso mrefu unataka pembeni pajae, juu pasirundikwe. Mengine msusi anayajua kuliko wewe, mwachie.

Ila usimwachie hili: mwambie utazivaa vipi. Hiki ndicho ambacho mimi sikukisema na ndicho kilichonigharimu. Nywele zetu zikipigwa draya zinaonekana mara mbili ya zinavyokuwa zikijikunja, wakati mwingine na zaidi. Anayekata zikiwa zimenyooka anakata kwa urefu usioishi nao. Kama unavaa afro, zikatwe zikiwa zimekauka na zimejikunja, mkae wote wawili mnaziona zilivyo. Kama unaseti kila wiki, hapo sawa, zinyooshwe kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa dada mwingine, Ipagala, anisawazishie pembeni pasipolingana. Nilikuwa na woga, mikono inatoka jasho. Nikamwambia kabla sijakaa: "Dada, samahani, naomba tuongee kwanza." Akaweka kitana chini. Nikamwonyesha picha yangu ya Krismasi. Nikashika ncha za upande wa kulia kwa vidole vyangu mwenyewe, nikamwambia nyama ya mkasi ni hii iliyo nje ya vidole, ya ndani usiiguse. Nilitegemea achukie. Akanisogeza karibu na dirisha, akauliza, "Na nyuma?" Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu nyuma. Nikafikiri, nikamjibu.

Akakata kishungi kimoja tu, akakiokota, akakiweka kiganjani mwangu. "Hiki ndicho kidogo chako, dada?"

Nikakitazama. Nikasema ndicho. Akaendelea.