Lethal Company au Content Warning: hesabu ya watu wanne

Kundi la watu wanne likitafuta gemu ya bei ndogo kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ubishi mara nyingi huishia hapa: Lethal Company kwa dola 9.99 au Content Warning kwa dola 7.99. Kila mmoja hununua kopi yake, kwa hiyo ni dola 39.96 dhidi ya 31.96. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2023, kazi ya mtu mmoja anayejiita Zeekerss. Ya pili studio ya Landfall waliitoa 1 Aprili 2024, bure kwa saa 24 za mwanzo, na hilo ndilo lililoibeba: ingawa ilikuwa Siku ya Wajinga, mamilioni waliichukua.

Kufanana kupo. Zote zina mazimwi gizani, siku tatu za kufikia lengo, na sauti ya mwenzako hufifia akisogea mbali. Ila Lethal Company ni kazi ya kubeba skrepa. Lengo la kwanza ni skrepa ya thamani ya 130, kisha linapanda. Ukiuza mapema unalipwa pungufu. Siku ya mwisho ndiyo bei kamili. Mkifa wote, skrepa yote iliyomo ndani ya meli yenu ya angani imekwenda. Mmoja akibaki melini kuangalia ramani na kuwafungulia wenzake milango kwa kuandika misimbo yake, timu inakwenda vizuri sana, lakini huyo mmoja jioni nzima yuko mbele ya skrini ndani ya skrini.

Content Warning inawashusha chini na kamera yenye mkanda wa sekunde 90, mrekodi mazimwi ili video yenu ipate watazamaji. Basi. Wageni huiwasha wakiwa bado mlangoni, wakamaliza zaidi ya sekunde 80 wakipiga picha kuta na migongo ya wenzao, na zimwi linapotokea zimebaki nane. Ukizigawa, kila kitu kinabadilika: chache za utangulizi, kisha zima, tembea, washa zimwi likiwa karibu na tochi ya mwenzako imelimulika. Watazamaji huja kwa kinachoonekana ndani ya fremu, na zimwi lilelile likirudiwa mno halilipi tena. Mshika kamera akifa, lazima mtu arudi kuiokota kabla oksijeni haijaisha, kwa sababu bila kamera mmepanda juu mikono mitupu. Ndipo mnakaa kwenye sofa na kuitazama video pamoja. Aliyekufa mapema naye yumo. Kufa kwake pengine ndiko kulikoleta watazamaji. Kule kwenye skrepa, marehemu anabaki kutazama wenzake na kupiga kura meli iondoke mapema.

Kweli, Content Warning inazoeleka haraka. Lethal Company ina miezi mingi ya angani ya kutua na bahari ya modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji), zikiwemo za kuongeza wachezaji zaidi ya wanne. (Modi zenyewe ziwe toleo moja kwa wote, la sivyo mtakaa mnasubiriana, na sasisho likija huvunjika.) Kundi linalocheza kila usiku lilipe hizo dola mbili za ziada. Wanaokutana Jumamosi kwa saa moja, mmoja wao hajawahi kushika gemu ya kutisha, wachukue kamera.

Vyovyote vile, jaribuni maikrofoni usiku wa kwanza. Bila sauti gemu zote mbili ni nusu, na Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 tu, kama hamjafikisha saa 2 za kucheza.