Kongamano ni la wanafunzi, na maswali yawe yao

Makongamano ya ajira za nishati safi yanayoandaliwa na wanafunzi wenyewe yana kitu ambacho maonyesho mengine ya ajira hayana: anayepanga ratiba ndiye anayetafuta kazi. Kamati ndiyo inayoamua nani apande jukwaani, apewe dakika ngapi na aulizwe nini. Ndiyo maana huniuma nikiona nafasi hiyo imetumika kualika wakurugenzi watupu, waje mmoja baada ya mwingine kutwambia kwamba sekta inakua.

Kwamba inakua tunajua. Kwa hesabu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, ajira zilikuwa milioni 13.7 mwaka 2022, na mwaka uliofuata zikafika milioni 16.2. Ila takwimu hizo hazimwonyeshi mwanafunzi wa mwaka wa tatu mlango wa kuingilia.

Mimi ningemwalika kwanza fundi wa mapangaboi ya mitambo ya upepo. Ncha ya pangaboi la mtambo mkubwa inaweza kukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na kwa mwendo huo hata tone la mvua hukwangua. Miaka ikipita, ukingo wa mbele unalika, umeme unapungua. Hapo mtu hushuka kwa kamba, akaning'inia makumi ya mita juu ya ardhi, akasugua palipolika, akajaza, akapaka rangi ya kinga, huku akiusikilizia upepo maana ukizidi kazi inasimama. Mpeni huyo dakika ishirini na picha zake. Kijana atajua papo hapo kama ana moyo wa kazi hiyo.

Baada yake aje mwanasheria. Mradi mkubwa wa umeme wa jua kwa kawaida husimama juu ya mkataba wa kuuza umeme, mara nyingi wa miaka 15 au 20, na benki haitoi mkopo kabla ya kuusoma kifungu kwa kifungu. Gridi ikishindwa kupokea umeme uliozalishwa, hasara ni ya nani? Jibu la swali hilo moja linaweza kukwamisha mradi mzima. Halafu mwanafunzi wa sheria au uhasibu anapita mbele ya bango lenye picha ya paneli, anaona ni mambo ya wahandisi, anaenda zake. Lawama hapo ni ya walioandaa bango.

Tena muwapandishe wanawake wanaofanya kazi za ufundi. IRENA ilipochunguza mwaka 2019 ilikuta wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu. Kwenye mafuta na gesi ni 22. Ni afadhali, lakini bado theluthi haijatimia.

Fedha za wafadhili zipokeeni, ukumbi haulipiwi kwa maneno. Maswali tu msiwaachie. Kazi nyingi za umeme wa jua ziko kwenye ujenzi na ufungaji; mitambo ikishawaka, wanaobaki kuitunza ni wachache. Basi kampuni iulizwe hadharani: mradi ukikamilika, mliowaajiri wanakwenda wapi? Wanagenzi wa mwaka jana, wangapi mmewabakiza, na walilipwa? Wapelekewe maswali hayo wiki mbili kabla, ili asiwepo wa kusema takwimu amezisahau ofisini.