Safari za Kikazi: Saini ya Mkurugenzi Inapozidi Bei ya Tiketi

Kenya ilisimamisha ndege za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na kuanzia Aprili hadi mapema Julai Nairobi ikafungwa, hatoki wala haingii mtu. Wakati huo ilikuwa na maana kila safari ya kikazi ipitie meza ya mkurugenzi. Ndege zilirudi angani Agosti 1 mwaka huohuo, lakini kampuni nyingi zimeibakiza saini ile hadi leo. Je, bado inaokoa pesa?

Wanaoitetea wana hoja. Kumtoa mtu Westlands, Nairobi, akahudhurie kikao cha saa mbili Kisumu ni kumpoteza siku nzima, mbali na posho, teksi na chumba. Ripoti za mwezi, usaili wa kwanza na mafunzo ya programu hayahitaji tiketi. Hapo video imeshinda, na sioni sababu ya kurudi nyuma.

Ila ziko kazi za macho na mikono. Ukihesabu ghala la Mombasa kwa kamera ya simu, utaonyeshwa katoni za mbele. Kama za nyuma ni tupu hutajua. Mdaiwa anayekwepa simu hawezi kumkwepa mtu aliyeketi mapokezi kwake.

Tatizo la saini ni mwendo wake. Ombi linaingia Jumatatu, linatiwa saini Alhamisi, na viti vya bei nafuu vimekwisha, kwa sababu mashirika ya ndege huuza viti kwa madaraja ya bei. Safari iliyokataliwa imeokoa pesa, iliyokubaliwa imezila. Afadhali safari za ndani zilizo chini ya kiwango fulani ziidhinishwe na mkuu wa idara ndani ya saa 24, na fomu iulize jambo moja tu: kuna nini kule kisichoonekana kwa video?

Korona pia ilitufundisha kununua tiketi zinazobadilika, yaani unazoweza kuzisogeza tarehe. Piga hesabu kwanza. Tuseme isiyobadilika ni shilingi 9,000, inayobadilika 14,000, na katika safari kumi moja huahirishwa. Ukinunua za bei nafuu, ukatupa moja na kununua nyingine badala yake, umelipa 99,000. Ukinunua zinazobadilika, 140,000. Tiketi ghali inalipa pale tu safari zaidi ya nusu zinapoahirishwa, na kampuni ya namna hiyo ina ugonjwa mwingine.

Kwenye posho ndiko pesa nyingi huvujia. Tangu Julai 2025 kiasi kisichotozwa kodi kimepanda kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku, na wafanyakazi wanataka wapewe zote. Wana haki ya kutoingia mfukoni mwao, lakini posho nono hugeuka mshahara wa pili, na safari zikaanza kubuniwa. Kampuni ilipie chumba moja kwa moja, posho ibaki ya chakula na usafiri wa mjini. Kabla ya kuweka nafasi, uliza hoteli kama inatoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA): tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikatwi kwenye mapato ya kampuni yanayotozwa kodi. Tiketi za ndege zimesamehewa. Gesti ya risiti ya mkono haijasamehewa.

Anayekwenda Uganda anahitaji cheti cha homa ya manjano, kinachoanza kutumika siku 10 baada ya chanjo. Ukimwambia Jumatano kwamba anasafiri Jumamosi, umechelewa. Bora timu nzima ichanjwe mapema; cheti ni cha maisha.

Halafu kuna ubahili wa treni. Daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, bei nzuri mno. Lakini treni ya saa nne usiku humshusha abiria Miritini, stesheni ya Mombasa, baada ya saa tisa usiku. Sera inayolipa nauli hiyo ikakataa teksi na chumba inampeleka ghalani mtu asiyelala, na akikosea hesabu ya katoni itabidi atumwe tena.