Mwenzenu Nimegeuzwa Sungura

Jamani hivi kuna binadamu mwingine ameshawahi kuchelewa kazini kwa sababu ya kitabu cha watoto au ni mimi tu? Jumamosi ya Julai hapa Oxford, basi linafika Folly Bridge dereva anasema mwisho hapa, mbele barabara imefungwa, shukeni. Kuna nini? Siku ya Alice. Alice gani? Abiria wote wakaniangalia kama nimeuliza maji ya bahari yana chumvi.

Haya, kisa chenyewe ndo hiki. Tarehe 4 Julai 1862 mwalimu wa hesabu wa chuo cha Christ Church, Charles Dodgson, yule wa kwenye vitabu anaitwa Lewis Carroll, alipanda boti hapo hapo Folly Bridge na rafiki yake Robinson Duckworth na watoto watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith, wakapiga makasia kupanda mto mpaka Godstow, kama kilomita 5 hivi. Mto ni Thames ila kwa hapa wanauita Isis, hata mito Ulaya ina a.k.a. Watoto wakataka hadithi, mwalimu akawabunia ya msichana aliyetumbukia shimo la sungura akimfukuza sungura mwenye kizibao, anayetoa saa mfukoni na kulia amechelewa, Alice wa miaka 10 akang'ang'ania aandikiwe, mwaka 1865 kikatoka kitabu. Mwenyewe alikuja kuandika kwamba mchana ule jua lilikuwa la dhahabu, waliopekua rekodi za hali ya hewa wanasema kulikuwa na kibaridi na mvua. Mi na Julai ya huku tunajuana, namwamini aliyepima mvua.

Basi nakata mguu kupanda mtaa wa St Aldate's. Kila hatua mtu na kofia ndefu kama wa kitabuni. Paka wa kucheka tu, nimeacha kuhesabu. Nyingine foleni ya kuingia kale kaduka kalikochorwa kwenye kitabu cha pili, eti kondoo ndo muuzaji, foleni imeziba njia nzima.

Sasa mnielewe vizuri. Mi ni mhudumu wa mezani, yunifomu yetu shati jeupe na kizibao cheusi. Saa yangu imekatika mkanda tangu Pasaka, naitia mfuko wa kizibao, fundi wa huku kwa kubadilisha mkanda anataka hela ya kununulia saa nyingine. Kwa hiyo mbele ya hilo duka natoa saa mfukoni, naangalia, roho inapasuka, mdomo nao bila kuniomba ruhusa ukasema kwa Kiingereza kwa sauti: nimechelewa, nimechelewa!

Watu wakapiga makofi.

Katoto kamoja kakadaka kizibao, kakapiga kelele sunguraaa. Mama yake machozi ya furaha, ananiambia kaka uko vizuri sana, mnaanza saa ngapi? Nikamjibu saa nane, nikimaanisha shifti. Weee! Akawageukia wenzake, jamani anaanza saa nane, twendeni naye! Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Nikageuka kuwaelewesha kistaarabu kwamba mimi ni mtu mzima, nina familia, nina cheti cha usafi wa chakula, nawahi kupanga meza, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, mzee mmoja anasema anaigiza bila kutabasamu, huyo ndo msanii! Mara akatokea Malkia wa Kopa wa kitabuni na askari wake wa karata, maboksi matupu yale, akaninyooshea kidole huku anafoka nikatwe kichwa. Nikamwambia mama, shika namba, wa kwanza kukikata ni meneja wangu. Makofi tena. Nikakimbia. Kukimbia ndo nikaharibu kabisa maana kwenye kitabu sungura naye anakimbia, watoto wote nyuma yangu mpaka geti la chuo ninakofanyia kazi, mlinzi anauliza hawa wote ni wageni wako?

Jikoni dada mmoja wa Mombasa akanitazama jasho lile akasema, "Pole kaka, na masikio umeyawacha wapi?"

Na kinachoniuma zaidi ni sungura mwenyewe. Sungura gani mwoga hivyo? Anatetemeka kisa kapoteza glavu na kipepeo cha mkono! Sungura niliyesimuliwa mimi na bibi anamuuza fisi, anamlaza njaa simba, hajawahi kuchelewa popote kwa sababu hajawahi kuajiriwa. Huyo ndo wa kufungiwa barabara. Tena hadithi yao ilishatafsiriwa Kiswahili toka 1940, ikachapishwa London, Elisi katika Nchi ya Ajabu. Wetu nani kamkodia hata boti pale Pangani?

Kumbe kwenye umati kulikuwa na Mbongo. Picha imetua kwenye grupu la ukoo kabla sijavua kizibao. Mpwa wangu: mjomba hongera, kumbe umeingia kwenye filamu! Shangazi: tulijua tu, alikuwa anatuficha. Yaani ndani ya dakika mi ni staa, na staa ana hela, maombi ya ada yakamiminika, mtu kaleta mpaka picha ya paa la kwa bibi linavuja. Nimejieleza nimechoka. Baba mdogo hata hasikilizi, ananiambia mabati yawe geji 28, nisithubutu kutuma hela ya geji 30, yale mvua ikinyesha hasikii redio.