Mimi sio roboti jamani

Leo nimeulizwa kama mimi ni mtu. Kuulizwa na askari wa doria sawa, kuulizwa na mama mkwe tumeshazoea, ila mimi nimeulizwa na kishikwambi. Kimeleta kiboksi, pembeni kimeandika "Mimi si roboti", niweke tiki. Nikaweka. Hakikuniamini.

Sasa ngojeni niwaambie. Mimi vyeti vyangu vilipita ule uhakiki wa 2017, mnaukumbuka, wenye vyeti vya kuazima walivyokuwa wanapotea ofisini mmoja mmoja chai inabaki mezani inapoa. Mimi nilibaki na chai yangu na nyingine mbili. Laini yangu nimesajili kwa alama za vidole, na vidole hivi vilivyoliwa na chaki miaka kumi na tisa ile mashine ilivikataa mara nne, nikaenda kunawa na ndimu ndo ikakubali. Sensa ya 23 Agosti 2022 nilikaa nyumbani kama raia mwema nikahesabiwa, nimo kwenye wale watu 61,741,120, ukinitoa mimi inaishia kumi na tisa. Yani serikali nzima imeridhika kwamba mimi ni mtu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hivi vishikwambi tulivyogawiwa walimu ndo vile vile vilivyofanya kazi ya sensa, kwa hiyo inawezekana kabisa hiki hiki ndicho kilichokuja kwangu kikakaa sebuleni kikauliza choo changu ni cha aina gani, nikakijibu kwa heshima zote, leo kinajifanya hatujawahi kuonana.

Chanzo ni Mkuu. Jana usiku kaandika kwenye kundi la walimu kwa herufi kubwa tupu, KILA MWALIMU AWE NA BARUA PEPE INAYOFANYA KAZI KUFIKIA IJUMAA SAA SITA, chini kaweka kile kikatuni cha mikono iliyofumbatwa, sijui anatuomba au anatuombea. Barua pepe mimi ninayo, nilifungua 2009, nywila siijui, na namba ya simu niliyoiandikisha mle nilimpa mpwa wangu akaenda nayo machimboni. Kwa hiyo nianze upya kama mtoto wa chekechea.

Na sio kwamba napinga teknolojia, mniwekee kumbukumbu vizuri. Tatizo ni jinsi inavyotufikia. Projekta ni moja shule nzima, inakaa kabatini kwa Mkuu, ufunguo anao Makamu, Makamu yuko msibani. Siku ilipotoka ukuta wa darasa ulikuwa umebanduka rangi, matroni akatuazima shuka. La maua. Ramani ya Afrika ikatokea na waridi kubwa limekalia Kongo yote, na Kilimanjaro, ambao miaka yote nimefundisha ni mlima wa volkano, pale kwenye shuka ukawa mlima wa mikunjo, na mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza kama kwenye mtihani wa taifa utakuja hivyo hivyo.

Kundi la wazazi sitaki hata kuanza. Wanafunzi simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo darasa la kidijitali wanafunzi ni wazazi wao, natuma swali la latitudo najibiwa Amina. Mmoja anauza vitenge humo humo. Mwingine kanitumia sauti ya dakika sita yuko juu ya bodaboda, nimesikia upepo mtupu na neno moja tu, "michango".

Haya turudi. Nikaona isiwe tabu, nikabeba kishikwambi changu nikaenda steshenari, ile ya karibu na stendi. Na hapo ndo pana shughuli, maana mwenye steshenari ni Popo.

Popo nilimfundisha mimi. Darasa zima lilikuwa linamwita hivyo kwa sababu mchana alikuwa analala, na mimi kwa kinywa changu, mbele ya wenzake 97, niliwahi kumwambia wewe kijana hutafika popote. Na kweli hajafika popote, yuko hapo hapo mita mia mbili kutoka shuleni, ila ana mashine tatu za kutoa kopi, feni, na foleni ya watu inafika nje.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Nilikuwa napita tu."

Mtu gani anapita tu na kishikwambi kwapani na chaja shingoni. Nikamweleza kwa sauti ya chini, kijana akapaza sauti, "Aaah, mwalimu anafungua email!" Foleni nzima ikageuka. Kulikuwa na mama mmoja anamjazia binti yake fomu ya mkopo wa chuo, kijana wa bodaboda kaja kuchapa mkataba wa pikipiki, na mzee mmoja wa picha za pasipoti kavaa koti na tai juu, chini kaptula.

Jina nikaweka, tarehe ya kuzaliwa nikaweka (mwaka unautafuta kwa kuburuza kidole chini, unaburuta unaburuta, mpaka nikasikia mama wa fomu anasema duh). Nywila ikakataliwa mara tatu kwamba ni dhaifu. Dhaifu! Niliweka jina la mke wangu. Tukafika kwenye roboti.

Kikaniletea picha tisa. "Chagua picha zote zenye pikipiki." Nikacheka. Jamani mimi nafundisha Jiografia, kusoma picha ni mada kamili kabisa, picha ya mlalo, picha ya angani, eneo la mbele, la katikati, la nyuma, watu nimewafelisha kwa mada hiyo hiyo. Nikavuta stuli nikakaa. Nikachagua ya kwanza, ya nne, na ya saba.

"Ya saba sio pikipiki hiyo," akasema bodaboda nyuma ya sikio langu. "Hiyo ni skuta."

"Skuta si pikipiki?"

"Mwalimu, hiyo huwezi kupiga mshikaki. Hata gunia la mkaa halikai. Toa."

Nikatoa. Kikakataa. Kikaleta picha nyingine, safari hii ni picha moja imekatwa vipande kumi na sita kama keki ya harusi, pikipiki iko katikati na mzungu kaipanda. Sasa hapa ndo kesi ikafunguliwa, kwa sababu kichwa cha yule mzungu kiko kipande cha juu, peke yake, hakina chuma hata kidogo. Je kile ni pikipiki?

Bodaboda akasema ndiyo, pikipiki bila dereva ni chuma tu. Mama wa fomu akasema hapana, kwani mkiibiwa pikipiki mnakwenda kuripoti kwamba kaibiwa na dereva? Bodaboda akasema mama hujui, yupo mwenzao alichukuliwa navyo vyote. Mzee wa tai akataka kujua kwanza hiyo pikipiki ina bima. Na kuna ncha ya tairi ya nyuma imeingia kipande cha jirani, uzi, kama ukucha, mimi kama msahihishaji nikasema ningempa mwanafunzi nusu maksi. Hakuna pa kuweka nusu maksi. Nikabonyeza. Kikasema jaribu tena.

Kikaleta taa za barabarani. Nyinyi mnanijua ninapokaa. Wilaya yetu taa ya barabarani ni tochi ya mgambo. Mzee wa tai akafurahi sana, akanisogeza pembeni na kiwiko, kumbe amekaa Dar miaka ya nyuma, akasema mataa anayajua, kakaa Ubungo. Akaanza kuchagua vyote. Barabara, kachagua. Ukuta, kachagua. Mtu anavuka, kachagua. Namwambia mzee hizo sio taa, ananijibu kijana, mataa ni eneo, pale Ubungo siku hizi pana daraja la juu la Kijazi tangu 2021 na bado konda akisema mataa unashuka, kwa hiyo usinifundishe mataa.

Nikakosa cha kumjibu kwa sababu kijiografia ana hoja.

Ikaja dohani. "Chagua nyumba zenye dohani." Sisi huku moshi unatokea mlangoni pamoja na mpishi. Ikaja ile kitu nyekundu, fupi, imesimama kando ya barabara ina masikio mawili. Hiyo tulikaa kimya wote, hata feni ilikuwa kama imepunguza. Mama akasema ni kinu. Bodaboda akasema mtungi wa gesi wa kilo sita. Mzee akasema kaburi. Mimi mwenye shahada nikasema, kwa uzito unaostahili, ni jiwe la mpaka. Kumbe ni bomba la zimamoto, kule kwao maji ya zimamoto yanakaa barabarani yanasubiri moto, hapa kwetu hata ya kuoga hayatusubiri.

Jaribu tena. Jaribu tena. Jaribu tena. Mwisho kikaandika kwamba kimegundua mwenendo usio wa kawaida, nisubiri. Mwenendo usio wa kawaida mimi! Hapo heshima ya taaluma ikanitoka, nikakiinua kile kishikwambi nikakiambia MIMI NI MTU, nina watoto wanne na mkopo wa kausha damu, roboti gani ana mkopo wa kausha damu? Steshenari ikanyamaza. Mashine ya kopi ikatoa karatasi moja, taratibu.

Popo akaja, anatafuna karanga. Akachukua kishikwambi, akabonyeza kimoja, viwili, vitatu, tiki ya kijani. Sekunde nne. Hata hakuangalia vizuri, na mtu huyu kwenye mtihani wangu wa picha alipata kumi na moja kwa mia.

Halafu kama haitoshi akaanza kunifundisha. Ananiambia mwalimu unajua hii kitu ina historia? Kwamba mwaka 1950 Mwingereza mmoja Alan Turing aliuliza kama mashine zinaweza kufikiri, akapendekeza mtu aongee nayo bila kuiona aone kama ataitofautisha na binadamu, ndo hii sasa imegeuzwa, mashine ndo inakaa upande wa mwalimu. Halafu yale maneno yaliyopindapinda ya zamani uliyokuwa unaambiwa uandike, yalikuwa yametoka kwenye vitabu vya kale na magazeti ya New York Times yaliyopigwa picha, maneno ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma. Wataalamu wa chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani ndo waliobuni, kila mtu aliyekuwa anafungua akaunti anasaidia kuandika neno moja la gazeti bila kujua.

Nikamuuliza, kwa hiyo watu walifanya kazi?

"Ndiyo mwalimu."

Posho ikalipwa na nani?

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimesahihisha mitihani, nimesimamia, nimeandikisha, siijui kazi ya vikao isiyokuwa na hata nauli na soda, na hawa wamewafanyisha dunia nzima na soda hawakutoa. Halafu mimi ndo nina mwenendo usio wa kawaida.

Elfu mbili kufungua, mia tano kuchapa nywila kwenye karatasi, nilikuwa na elfu moja. "Utaleta mwalimu, wewe sio mtu wa kukimbia." Sio mtu wa kukimbia ila ni mtu. Hilo nililishika.

Wakati natoka ndo nikaona kibao chake kikubwa, rangi nzuri, ametumia fundi: POPO STATIONARY. Kwa A. Yani ile ya kitu kilichosimama hakiendi. Mkono wangu wa kulia ulitikisika, kalamu nyekundu iko mfukoni, miaka kumi na tisa nimeishi kwa ajili ya nafasi kama hizi. Lakini nadaiwa elfu moja na mia tano. Nikameza mate nikapita. Mwisho wa mwezi nikilipa ntarudi na ngazi.

Binti yangu ananiambia baba ulegeze, ufungue TikTok, walimu wengi wanafundisha huko. Nilijaribu. Video ya kwanza, mzunguko wa dunia, nimetumia chungwa na tochi, nimejieleza vizuri kabisa, maoni yakawa kumi na manne na kumi na tatu yanazungumzia shati langu la kijani, kwamba wanalijua tangu wako kidato cha kwanza 2014. Shati lina kosa gani? Kitambaa cha zamani hicho, sio hivi vya sasa unafua mara mbili kola inakuwa kama sikio la mbuzi, na sabuni nazo siku hizi ni povu tu, mche mzima unaisha kwa mashuka mawili, mama yao hapo uani tangu saa nane anafua analalamika peke yake, naona ameshaanika, soksi, sare za watoto, shati la kijani

Subirini. Karatasi ya nywila niliiweka wapi.